Lenzi Niliyoikataa

Sina kawaida ya kusimulia mambo ya mizuka, na wanaonifahamu watashangaa. Mimi ni fundi wa redio hapa Ifakara. Kazi yangu ni kupima kwanza, ndipo niseme. Haya niliyapima. Yalinikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na alama yake iko mezani kwangu mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya tisini, kuelekea mwisho. Jicho langu la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho. La kushoto lilikuwa zima, lakini fundi mwenye jicho moja ana shida: ncha ya chuma cha kulehemu ikawa inagusa pembeni ya pale nilipokusudia. Na njiani, mtu aliyenijia upande wa kulia nilimwona kama kivuli tu. Unajua jinsi ilivyo kwetu. Kumpita mzee kimya ni jambo kubwa, siku hiyo hiyo habari zinafika nyumbani kwamba fundi siku hizi ana maringo. Kwa hiyo nikajiwekea utaratibu. Kila kivuli cha upande wa kulia nilikiamkia.

Mke wangu alinicheka sana.

"Baba Felista, jana umempa shikamoo mtoto wa jirani, leo nguzo ya goli. Hiyo nguzo imekuitikia?"

Basi akaja hospitalini kwetu daktari bingwa wa macho, mgeni. Alinipima, akanieleza bila haraka. Kuna lenzi ya kawaida ya kupandikizwa ndani ya jicho: utaona mbali vizuri, lakini vya karibu utahitaji miwani. Na kuna lenzi mpya, alikuja nazo chache: ina miduara kama ya maji yaliyotupiwa jiwe, inaonyesha mbali na karibu pamoja. Kasoro yake, taa za usiku huzungukwa na duara za mwanga, na wengine huziona maisha yao yote.

"Hiki si kitu cha kubadilisha kama betri," alisema. "Nenda ukafikiri, Jumatatu uniambie."

"Kuna la kufikiri hapo?" mke wangu akadakia. "Chukua hiyo mpya!"

Na mimi nilikuwa nimeshaamua hivyo hivyo. Kazi yangu yote iko karibu, kwa nini nivae miwani?

Jumamosi nilikwenda shambani kwangu Katindiuka. Nikarudi jua likizama nyuma ya milima ya Udzungwa, nikisukuma baiskeli yenye gunia la mpunga. Kulia kwangu, mwisho wa jaruba la mpunga, kulikuwa na kivuli kimesimama.

"Shikamoo," nikasema kwa mazoea.

"Marahaba, mwanangu."

Sauti ilitoka begani kwangu. Kivuli kilikuwa kule kule, mbali.

Nikafanya ninachofanya kwa redio inayonichanganya: nikajaribu upande mmoja mmoja. Nikafunika jicho bovu. Mwanga ulikuwa bado unatosha. Niliona mabua, marundo ya mpunga, ndege yangeyange mmoja. Hakuna mtu. Nikafunika jicho zima. Kila kitu kikawa ukungu, isipokuwa mzee mmoja, safi kabisa, kana kwamba amesimama ndani ya lile jicho lenyewe. Niamini, niliona vifungo vya shati lake. Vyeusi vyote, ila cha tatu kilikuwa cheupe, kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Ni nani anayeona uzi wa kifungo kutoka mwisho wa jaruba, hata akiwa na macho ya kijana?

"Wenzako wananipita tu," akasema. "Wewe umeniamkia muda wote huu. Una adabu."

Nilirudisha baiskeli nyuma hatua moja.

"Chukua hiyo lenzi mpya, mwanangu. Ya mbali na karibu. Nimechoka kusimama mbali."

Baiskeli niliiacha pale pale, pamoja na gunia.

Jumatatu nikamwambia daktari anipe ya kawaida. Alishangaa.

"Una uhakika? Wewe ni fundi."

"Nina uhakika. Naogopa zile duara za mwanga."

Mke wangu alisikitika, kisha akasema, "Haya babu, kavae miwani yako."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku nilipofunguliwa bandeji niliiona milima kama imeoshwa. Nilimwona na yule mzee, ng'ambo ya lango la hospitali, amesimama. Mbali. Nikajiambia, sawa, abaki huko huko.

Kisha miwani ya kuonea karibu ikafika. Niliivaa mezani kwangu, redio iko wazi mbele yangu, nikafumba la kushoto nilipime hili jipya. Redio sikuiona. Niliona shati. Lilijaza kioo chote. Kifungo cheupe, uzi mwekundu, kinapanda na kushuka taratibu, kama kilichoko juu ya kifua cha mtu anayepumua.

Tangu siku hiyo kioo cha kulia cha miwani yangu kimezibwa kwa utepe mweusi wa umeme. Wateja wakiuliza, nasema mwanga unaniumiza.

Sisemi lenzi ile ni mbaya. Alipewa mama mmoja wa Idete. Anatunga uzi kwenye sindano, anawaona ndege mwisho wa shamba lake, na anamwombea daktari kila Jumapili. Nilimuuliza kama alikuwa na tabia ya kuamkia vivuli. Akacheka, akasema hapana, yeye alikuwa akisubiri asikie sauti kwanza.

Basi na wewe subiri. Macho yakikufifia, kabla hujafungua mdomo, funika jicho moja, kisha la pili. Ukimwona mtu kwa lile bovu peke yake, pita kimya, waache watu waseme una maringo. Mimi niliamkia, nikaitikiwa, na ile marahaba sina namna ya kuirudisha. Hata sasa ninapoandika, nasikia utepe ukikwanguliwa polepole, kwa upande wa nje.