Funda Nililolitema Buterere

Watu wakiiona picha yangu ya zamani, nimesimama na kichupi na mafuta mwili mzima, wanacheka mpaka wanatoa machozi. Chekeni tu. Ile ilikuwa kazi yangu. Wengine walikuwa makarani, wengine waliuza vitenge sokoni, mimi nilitunisha misuli. Asubuhi niliwafundisha wafanyabiashara wenye vitambi kuinua vyuma, mchana nilijijenga mwenyewe, jioni nilisimama mlangoni pa baa moja ya mjini mpaka ikaribie saa ya marufuku ya kutoka nje. Nililisha nyumba kwa mwili huo miaka kumi na moja. Na miaka yote hiyo nilitaka kitu kimoja tu: kuwa wa kwanza nchini, mara moja, nisikie jina langu likisomwa mwisho, lile ambalo watu hulisubiri.

Mara moja! Kwani niliomba kikubwa gani?

Mara ya kwanza nilikuwa tayari kabisa, mji ukafungwa. Vijana walipanga mawe na matairi barabarani, hakuna kutoka, hakuna kuingia. Nikakaa kitandani Ngagara, mwili umechongeka vizuri sana, na wa kuuona hakuna ila mke wangu. Akanizunguka mara moja, mikono nyuma, kama hakimu. "Mi nimekupa ya kwanza," akasema. "Sasa kula wali, baba watoto."

Mara ya pili serikali ilipinduliwa wiki ile ile. Nilikasirika sana, na hasira yenyewe sikuwa na pa kuipeleka, kwa sababu sababu zangu ziliniaibisha. Watu wanazika watu wao, wewe unalilia mashindano ya misuli! Nilinuna ndani ya nyumba wiki nzima, na watoto wakajifunza kupita mbali.

Tulikuwa wawili katika kazi hii. Mwenzangu alitoka Buterere, kule chini kwenye mashamba ya mpunga, akaja kila siku na baiskeli mpaka gereji ya Ngagara tulipokuwa na vyuma vyetu. Nasema vyuma, lakini ilikuwa ekseli ya lori lililokufa na makopo ya maziwa tuliyoyajaza saruji. Ukibeba mzigo mkubwa mabegani ukachuchumaa, lazima mtu asimame nyuma yako. Ukishindwa kuinuka, yeye ndiye anakutoa chini ya chuma. Mimi nilimtoa yeye, yeye alinitoa mimi, sijui mara ngapi. Yeye alikuwa wa kule, mimi wa huku, na miaka ile kule na huku maana yake ilikuwa kabila, kila mtu alijua. Sisi tulibishana juu ya mayai: aliapa kwamba kiini kinanenepesha, mimi nikasema anaongea upuuzi.

Ekseli ile iliacha alama. Ukichuchumaa nayo miaka mitano, chini ya shingo ngozi inakuwa nyeusi na ngumu, na mabega hivyo hivyo. Sote wawili tulikuwa nayo. Siku moja jioni tukitoka gereji tulikuta kizuizi ambacho asubuhi hakikuwapo. Vijana wenye bunduki wakatuambia tuvue mashati. Walikuwa wanatafuta alama za mkanda wa bunduki.

"Hii ni nini?"

"Ni chuma. Sisi ni watu wa misuli."

Wakacheka. Wakataka vitambulisho, wakasoma kila mtu ni wa wapi. Changu wakanirudishia.

"We enda."

"Apana, huyu ni mwenzangu. Tazama, alama ni moja, hata mimi niko nayo."

"Tumesema enda."

Nikaenda. Sina namna nyingine ya kuliandika hili. Alama ilikuwa moja, wakaamini yangu ni ya chuma na yake ni ya bunduki, na mimi nikaenda. Alikutwa maiti baada ya siku mbili, kando ya mashamba ya mpunga, si mbali na kwao.

Siku ya maziko nilisikia ndugu zake wakinong'ona. Walikuwa wawili, karudi mmoja. Mambo yenyewe yalikuwa hayo. Mama yake ndiye aliyewanyamazisha. Alikuja na kibuyu cha pombe ya ndizi, akaonja yeye kwanza, kisha akanipa mbele ya watu wote. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Na mgeni hunywa, mwenye nyumba ajue hakuna kitu moyoni. "Huyu ni mutoto wangu," akasema. "Kama angekuwa na kitu, angeogopa kunywa kwangu." Nilikunywa mpaka nikaona chini ya kibuyu. Tangu siku ile hakuna aliyenigusa kwa maneno katika nyumba ile, na kila nilipopita Buterere nilikuwa na kiti changu.

Mwaka uliofuata wakatangaza mashindano tena. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, mafuta ya gari yalikuwa ya kutafutwa, mayai nayo yalikuwa habari ya zamani. Nilijijenga kwa maharage na ndagala, vile visamaki vikavu vya ziwani. Umri ulikuwa unakwenda, magoti yamekwisha kuanza kulia, na nilijua kabisa kwamba hii ndiyo ya mwisho. Mashindano yakawekwa Jumapili, saa nane mchana, ili watu wawahi kurudi makwao kabla ya giza.

Kumaliza matanga ya mwenzangu kukawekwa Jumamosi, siku moja kabla.

Jamani! Siku mia tatu sitini na tano, wakachagua ile! Nilimwendea baba yake mdogo, nikamwuliza kwa adabu zote kama siku yaweza kusogea. Nilipofika kwenye neno mashindano alinitazama tu, nikajiona mjinga, nikaaga.

Shida haikuwa kwenda. Shida ilikuwa maji. Siku ya kupanda jukwaani ngozi inatakiwa ishike nyama kabisa, kila mshipa uonekane, na kwa hiyo mtu anajikausha: chumvi anaacha, ndagala anaacha, na siku mbili za mwisho maji hayapiti kooni. Tulikuwa na gazeti moja la Kifaransa la misuli, limechanika jalada, tuliloliamini kuliko daktari. Lilisema hata kusukutua ni hatari. Nilikuwa nimekonda usoni mpaka wanawake wa mtaa wakamwambia mke wangu anipeleke nikapimwe damu, maana miaka ile mtu akikonda ugonjwa ulikuwa mmoja tu midomoni mwa watu. Mmoja akaniletea uji. Nikamfukuza na uji wake, Mungu anisamehe.

"Kesho utakunywa?" mke wangu akaniuliza Ijumaa.

"Sinywi."

"Kwa yule mama? Utakataa pombe ya yule mama?"

"Sikatai. Lakini sinywi."

"We una akili kweli? Funda moja!"

"Funda moja likiingia, ngozi inavimba!" nikamfokea. "Nimengoja miaka mingapi? Mara ya kwanza mji, mara ya pili serikali, mara hii niangushwe na ndizi?"

Alienda kuanua nguo, na alizianua kwa nguvu.

Basi Jumamosi nikaenda. Jua lilikuwa kali, wametandaza turubai uani, viti vimejaa hadi njiani. Kooni nilikuwa nimekauka mpaka ulimi unashika meno. Nilikuwa nimepanga ujanja wangu njia nzima, na niliuona ni ujanja mzuri.

Mama akaja na kibuyu. Akaonja. Akanipa kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu. Leo tunamaliza kumulilia."

Watu walikuwa wanatazama, wale ndugu hasa. Nikapokea, nikavuta funda moja kubwa, nikarudisha kibuyu kwa heshima, nikatikisa kichwa kwamba ni nzuri. Na ilikuwa nzuri, wacha. Siku moja na nusu bila tone, halafu ile baridi na ule utamu wa ndizi umejaa mashavuni, na koo linataka kulichukua lenyewe. Nililibana. Baba mdogo alipoanza hotuba na watu wakageuka, nikainuka polepole kama mtu anayekwenda haja, nikazunguka nyuma ya jiko, nikainama penye ua wa matete, nikalitema lote. Nikafuta hata ulimi kwa shati, pumbavu mimi, tone lisibaki.

Nilipogeuka mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, na beseni la sahani mkononi.

Aliitazama ile ardhi iliyolowana. Kisha akanitazama mimi. Sikumwona kukasirika, bora angekasirika. Uso wake ulikuwa wa mtu anayefanya hesabu upya, moja moja, kuanzia mbali.

"Mama," nikasema.

"Wageni wanangoja chakula," akasema, akapita.

Nilitaka kumfuata. Lakini ningemweleza nini pale, watu mia wanasikia, kwamba pombe ya mwanawe itaniharibia ngozi? Nikajiambia nitakuja wiki ijayo nimweleze, nitakuja na kombe mkononi, yeye mwenyewe atacheka. Nikaondoka kabla ya sahani kufika kwangu.

Jumapili nilipopanda jukwaani sikuwahi kuwa mkavu vile maishani. Ukumbi ulikuwa wa shule moja mjini, umejaa, watu wanapiga mbinja. Nilipogeuza mgongo nilisikia mluzi mmoja mrefu, nikajua wameona. Nikabana kila kitu, paja likakakamaa likawa linataka kuniangusha, nikacheka na meno yote. Tukabaki wawili. Yule mwingine alikuwa kijana wa Mutanga, mnene kidogo, analowa jasho. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu hajakauka, nimemaliza.

Wakasoma jina. Langu. Nafasi ya pili.

Nilimfuata mwamuzi mkuu mpaka kwenye gari lake. Nilikuwa bado na mafuta, nimejifunga taulo. Nikamwuliza nimekosa nini, kwa sauti ambayo leo naionea haya.

"Juu hakuna wa kukushinda," akasema. "Lakini chini, mzee, mashavu ya miguu. Huna. Miguu yako ni myembamba."

"Na ukavu? Hukuona ukavu?"

"Ukavu sawa tu. Wote mulikuwa sawa. Huyu wa kwanza yuko na maji kidogo, lakini miguu iko."

Miguu! Miguu niliyopewa na baba yangu, ambayo ningeinua vyuma mpaka mwisho wa dunia isingeongezeka! Na yule kijana, nilipompa mkono, akaniambia mwenyewe bila kuulizwa kwamba asubuhi alikunywa chai vikombe viwili kwa sababu alikuwa na woga. Chai! Ningelimeza funda lile, ningekuwa wa pili. Ningekunywa kibuyu kizima, ningekuwa wa pili. Nilirudi Ngagara kwa miguu hiyo hiyo myembamba, na nilipofika nikanywa maji kwenye ndoo kwa mikono, mke wangu akinitazama, wala hakuniambia kwamba alinionya.

Jumanne nikateremka Buterere.

Mama alikuwa peke yake, anachagua mchele kwenye ungo. "Amahoro, mama." Akaitikia vizuri, akanipa kiti. Nikamweleza yote. Nikamweleza habari ya maji chini ya ngozi, gazeti, siku mbili, taa za jukwaani. Nilikuwa naongea na kujisikia, mtu mzima na mikono yake minene, anamweleza mwanamke aliyefiwa habari za ngozi yake. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo ilikuwa maji," akasema.

"Ni maji, mama. Ningekuwa nimekataa hata maji ya mvua."

"Si pombe yangu."

"Si pombe yako. Naapa."

"Na ukapata ile nafasi?"

"Nilikuwa wa pili."

"Pole," akasema, na alisema kweli, nilimsikia. "Wewe na yeye muliitafuta sana."

Aliweka ungo chini, akaingia ndani. Nikasikia anafungua kabati, nikashusha pumzi, nikajua analeta kitu. Mtu ambaye hataki kukuona hakuletei kitu. Akatoka na sahani, amefunika kwa kitambaa safi, akaiweka juu ya kigoda mbele yangu, akatoa kitambaa. Ilikuwa chupa ya Fanta, haijafunguliwa, kizibo chake kinang'aa. Kando yake kulikuwa na kifungulio.

"Fungua wewe mwenyewe," akaniambia kwa upole. "Utakunywa bila wasiwasi."

Akakaa kwenye kiti kilichonikabili, mikono mapajani, akangoja. Nilifungua. Nilikunywa yote mpaka chini, ilikuwa ya moto. Akapokea chupa tupu kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kuja.