Siku Nilipomzika Mwanangu kwa Mdomo

Mkasa huu wenzangu wanaujua, na kila tukikaa pamoja lazima mmoja auanzishe, "Gwandu, hebu tukumbushe habari za lile birika," wanacheka mpaka wanafuta machozi na mimi nacheka nao, kwa sababu nisipocheka nitafanya nini? Lakini kuna sehemu huwa wanairuka, nadhani kwa kunihurumia. Leo nitaisema mwenyewe, maana aibu yangu yote iko hapo, birika ni mchezo tu.

Ilikuwa zama za Mwingereza, mimi ni dereva wa lori la Mzee Rajabu wa Dongobesh, Mrangi mmoja Mwislamu mwenye duka kubwa karibu na uwanja wa mnada wa ng'ombe. Dereva zama hizo alikuwa mtu wa kutazamwa. Ukipita, wasichana wanasimama na mitungi kichwani, wazee wanakuinulia fimbo kukusalimu, nawe unajifanya huoni, unatazama mbele kama vile barabara ni ya baba yako. (Nilikuwa na kofia pia. Kofia ile sitaki kuizungumzia.) Mzee Rajabu alinipa lori kwa sharti moja, nisiguse pombe, nami nikamwapia mbele ya mke wangu Monika, aliyekuwa amembeba mtoto wetu wa kwanza, Paulo, bado wa kunyonya.

Basi siku hiyo ya mnada natoka Katesh na shehena ya chumvi, nikapita Gehandu kwa mzee mmoja wa Kibarabaig ambaye niliwahi kumbeba mkewe mgonjwa mpaka kwa mganga wa serikali. Nakuta anamwoza kijana wake, watu wamejaa, na pombe ya asali imeiva. Akanijazia pembe ya kunywea kwa mikono yake mwenyewe. Sasa msije mkasema nililazimishwa, maana hata kule desturi inaruhusu ugusishe mdomo tu, ushukuru, upitishe kwa jirani, na mgeni aliyekaa karibu yangu alifanya hivyo hivyo akaheshimiwa. Mimi nikasema moyoni, pembe moja tu, nani atajua? Nikainywa yote. Na pembe ya kwanza ikiisha, mwenye nyumba hakuachi na pembe tupu mkononi.

Barabara yote mpaka Dongobesh niliimba. Nilipofika mnadani nililiona lango vizuri kabisa, tatizo niliona malango mawili, nikachagua moja, nalo halikuwa lango. Lori likalaza uzio, watu wakatawanyika, ng'ombe wakaruka, na magurudumu ya mbele yakaingia ndani ya birika la kunyweshea ng'ombe, maji yakamwagikia wazee waliokuwa wamekaa wanapatana bei. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Injini ikazimika, mimi niko juu nimeshika usukani na kofia imenifunika macho.

Akaja Koplo Akonaay, askari polisi, Mwiraqw mwenzangu. Hakupiga kelele. Akasimama mbali kidogo, akasema, "Gwandu, shuka. Njoo hapa unipumulie usoni."

Hapo ndipo ningesema, "Afande, nimekunywa." Mambo yangeishia hapo, ningepelekwa Mbulu mbele ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, ningenyang'anywa leseni, basi. Lakini niliona leseni inakwenda, lori linakwenda, kofia inakwenda, na kichwa changu chenye asali kikaniletea akili ambayo wakati ule niliiona kubwa sana.

Kwetu Wairaqw, nyumba ikifiwa na mtoto mchanga, baba na mama hujitenga na watu. Tunaita metimani. Hakuna mtu wa kukushika mkono, huchoti maji wanapochota wengine, husogelei mifugo ya mtu, mpaka wazee waseme imetosha. Kila Mwiraqw analijua hilo na kuliogopa. Nikainua mikono nikasema, "Afande, usinisogelee! Niko katika metimani. Nimekutana na mtu njiani sasa hivi ametoka nyumbani, ameniambia Paulo wangu amefariki. Ndiyo maana nimepoteza usukani."

Nililia pia. Machozi yalitoka yenyewe, mpaka leo sijui yalitoka wapi.

Koplo akarudi nyuma. Wazee waliolowa wakarudi nyuma. Pua zote zikawa mbali nami kama nilivyotaka, na kwa muda mfupi (naona haya kusema) nilifurahi. Halafu mzee mmoja akapaza sauti, "Ameingia na magurudumu ndani ya birika! Ondoeni ng'ombe!" Uwanja ukavurugika. Ng'ombe waliotembea tangu asubuhi bila maji wakafukuzwa kwenye maji, wenye ng'ombe wakaanza kuondoka na mifugo yao, wanunuzi wanauliza kuna nini, na mnada wa watu wote ukavunjika kwa ajili yangu. Koplo hakuweza kuniweka chumba kimoja na mahabusu wengine, nani angekubali? Akanielekeza kwa fimbo, kwa mbali, niingie kwenye kizizi cha pembeni wanapotengwa ng'ombe wagonjwa. Nikakaa humo na ndama mmoja anayeharisha, ambaye mwenyewe alikwisha kumkatia tamaa. Yule ndama peke yake ndiye hakuniogopa.

Hapo ndipo wenzangu wakisimulia wanacheka halafu wanaparuka.

Monika alikuwa mnadani. Mimi sikujua. Alikuwa amemwacha mtoto kwa mama yangu nyuma ya kilima, akaja kuuza viazi. Nilimwona kupitia miti ya kizizi, ameinama anampimia mtu viazi, na mwanamke mmoja akasimama mbali naye akamwambia kitu. Monika akainuka. Akauliza, nikaona mdomo wake unauliza. Yule mwanamke akaonyesha kizizi, Monika akageuka akaniona, mimi mumewe, nimekaa chini na uso umelowa machozi. Akapata jibu lake hapo.

Aliachia kapu. Wanawake aliokuwa anaongea nao muda huo huo wakajisogeza, wakavuta nguo zao, maana na yeye sasa alikuwa mama wa metimani. Hakuna aliyemshika. Mke wangu alipiga ukelele mmoja akiwa peke yake katikati ya uwanja, viazi vimetawanyika miguuni, na hakuna hata mkono mmoja uliomgusa, kisha akaanza kukimbia kuelekea kilimani.

Alipita karibu na kizizi. Neno moja tu lingemsimamisha. Nilifungua mdomo, nikamwona Koplo amesimama pale, nikaufunga. Nilimtazama mke wangu akikimbia kwenda kumzika mtoto mzima, na nikanyamaza kwa ajili ya leseni. Hiyo ndiyo sehemu yenyewe.

Akaja Mzee Rajabu. Yeye mila zetu anaziheshimu lakini hazimfungi, basi akaingia kizizini na kanzu yake nyeupe kuja kunipa pole, akanishika mikono yote miwili, akasogeza uso. Pole ikaishia njiani.

"Gwandu, umekunywa."

"Mzee, shikamoo," nikamwambia. (Ndilo jibu nililopata.)

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko kwa bibi yake."

"Mzima?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Mzee Rajabu akafumba macho. Akasema polepole, "Nisikilize, mwanangu. Mtu akikamatwa, anakiri alichofanya, ananyamaza, anangoja hukumu. Ulichofanya ni kosa la gari, na nitasimama na wewe mbele ya Bwana Shauri. Lakini hili la mtoto siwezi kukusemea. Mwite Koplo sasa hivi."

Nikamwambia angoje kidogo, nijikusanye. Nijikusanye nini? Nilikuwa nangoja pombe iniishe kinywani. Akatoka bila kuniaga.

Sikupata muda wa kujikusanya. Monika alirudi, safari hii anatembea. Watu wakampisha njia, wengine wakarudi nyuma mbali zaidi, halafu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, kwa sababu mgongoni mwake mlikuwa na kichwa kinachozunguka huku na huku kutazama ng'ombe. Akafungua kizizi. Akamfungua mtoto, akanipa mikononi. Paulo akacheka akanyakua kofia yangu.

"Baba Paulo," akasema, wala hakupaza sauti, "mshike vizuri. Ni wa moto au ni wa baridi?"

Nikamshika kwa mikono yote miwili.

"Waambie hawa watu."

Nikasimama, mtoto mkononi, kinyesi cha ndama magotini, nikasema mbele ya uwanja mzima, "Mwanangu ni mzima. Hakuna aliyeniambia kitu. Nimekunywa tu." Nilidhani watu watacheka. Hakuna aliyecheka siku ile, kucheka kulikuja baada ya miaka. Koplo Akonaay akaingia, akanishika mkono kwa nguvu, akanusa, akasema, "Sasa twende."

Kwa Bwana Shauri hapakuwa na makubwa. Nilikiri, Mzee Rajabu akasimama kama alivyoahidi, nikalipishwa faini, leseni ikachukuliwa, nikarudi kwa miguu. Hukumu yenyewe ilikuwa inaningoja nyumbani. Wazee walikuwa wamekaa wakaamua kwamba aliyejiweka mwenyewe katika metimani, basi yumo. Nitatengwa kama mtu aliyefiwa, mpaka achinjwe kondoo wa kunitakasa, na siku ya kuchinja ataisema mwenye kuumizwa. Wakamgeukia Monika. Monika akasema, "Nitawaambia."

Hakusema haraka. Mtama ukapaliliwa, ukachanua, ukavunwa, mimi nalala kwenye kibanda kando ya shamba, nateka maji mtoni, mkondo wa chini, peke yangu, mama yangu ananiwekea chakula kwenye jiwe na kuondoka. Jioni moja nilisikia kelele za furaha kule uani, nikatoka kutazama. Paulo alikuwa amesimama. Akapiga hatua, akayumba, akapiga nyingine, watu wanapiga makofi, na alipofika kwa ndugu yangu mdogo akamkumbatia miguu akamwita, "Baba." Hakuna aliyemsahihisha. Nilisimama ng'ambo ya shamba, mikono imening'inia, na nadhani Monika aliniona, kwa sababu kesho yake aliwaambia wazee wamlete kondoo.

Tangu hapo pombe ya asali naigusisha mdomo tu, nashukuru, napitisha. Na mtu akiniuliza, "Paulo hajambo?" bado sijibu papo hapo, ingawa sasa ni mtu mzima na amenizidi kimo. Namwita kwanza. Akiitika, ndipo nasema hajambo.