Magari Mawili na Nyonga ya Mama

Tuliondoka Buruburu Jumamosi asubuhi kwa sababu Mama alikuwa amekosa kliniki mara mbili. Mama huyu ni mama mkwe wangu. Tangu ateleze na kuumia nyonga anaishi nasi, na kila Jumanne anatakiwa kwenda hospitali kufanyishwa mazoezi. Lakini gari letu dogo liko chini mno, na kuingia ndani yake ni mateso. "Leo nimeamka vizuri, sina haja ya kwenda," alikuwa akisema, kisha anajifunika blanketi. Ndipo mume wangu, Mutua, akaamua tuliuze, tununue gari kubwa la familia, la juu kidogo. Alikuwa amepata mawili, jeupe na la kijani, bei zake zikikaribiana.

"Twende sote, Mama," nilimwambia. "Wewe ndiwe utakayelipanda."

Saa tatu tulikuwa barabara ya Kangundo. Mutua ni dereva wa gari la kusambaza mikate, na maisha yake yote ya kazi ameendesha magari ya watu. Njia nzima alizungumzia lile jeupe tu.

Njiru tulilikuta limeoshwa, limeegeshwa kando ya ghorofa ambayo bado inajengwa. Muuzaji, kijana mchangamfu, alitupokea kwa mikono miwili.

"Niaje, mkubwa! Mathe, karibu sana. Hii mashine ni ya familia kabisa."

Viti saba, vyote vya ngozi, na magurudumu mapana. Mutua aliliendesha hadi mwisho wa barabara ya vumbi na kurudi, akicheka peke yake. Mimi nilikuwa kando yake, na nisiseme uongo, nilikwisha kujiona nikishuka mbele ya kanisa, kina mama wakigeuka kunitazama.

Ikawa zamu ya Mama. Sakafu ya gari ilimpita magoti. Alishika mlango, akainua mguu mzima, ule mbovu ukagoma. Mutua na yule kijana wakambeba, huyu huku, huyu kule, mpaka akaketi.

"Gari zuri," alisema akihema. "Linanifaa. Lichukue, mwanangu."

Niliinama kumpangusa vumbi kwenye leso aliyojifunga kiunoni, nikahisi paja lake likitetemeka chini ya mkono wangu. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo: usiseme. Nilimwambia tu mume wangu, "Baba Mwende, tulione na lile la pili kwanza." Hata hivyo nilikuwa bado nalitaka lile jeupe.

Saa sita tulifika Umoja, kwa Bi Zuhura, mama wa makamo anayeuza vitambaa.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Mama.

"Marahaba, mwanangu."

"Karibuni. Gari ndilo hilo, si jipya, lakini halijawahi kunilaza njiani."

Lilikuwa la viti vitano, rangi yake ya kijani imepauka, usukani umechubuka. Mutua alifungua boneti, akasikiliza injini, akalizungusha mtaani na kurudi. "Injini ni nzima," alisema, "lakini halina nguvu za lile."

Bi Zuhura alikuwa ameuona mkongojo wa Mama. "Mama, usiliparamie. Geuka, ulipe mgongo. Kalia kiti kwanza, miguu itafuata."

Mama akageuka. Kiti kilimfika panapostahili. Akaketi, akavuta mguu mmoja ndani, kisha wa pili, na hakuna aliyemgusa. Akatoka. Kisha akaingia tena, bila kuambiwa na mtu, akafunga mlango mwenyewe.

Mutua alisimama pale ameshika ufunguo. Nilimwona akikumbuka jinsi walivyombeba.

Wakati wa kurudi tulifika barabara ya Outering. Hapo Mutua aliegesha gari kando, akageuka nyuma.

"Mama, kwa nini uliniambia lile jeupe linakufaa?"

Mama alichezea ncha ya leso yake. "Kwa sababu uliliendesha ukicheka. Tangu tumzike baba yako sijakuona ukicheka hivyo. Nikasema, nyonga ni yangu, nitaivumilia."

Mutua aliinamisha kichwa juu ya usukani. Mama akanyoosha mkono, akamshika bega, nami nikatazama dirishani nikilia. Kisha Mutua akampigia simu Bi Zuhura, akamwambia tunalichukua lile la kijani.

Jumanne iliyofuata Mama alikwenda kliniki, na hajakosa tena. Kanisani hakuna anayegeuka kututazama. Nilichojifunza ni hiki: mzazi usimuulize kama gari limemfaa, maana atakujibu kile unachotaka kusikia. Mfungulie mlango, urudi nyuma hatua mbili, utazame miguu yake.