Uzito wa Mgonjwa Aliyetangulia

Usiku ule nililala vibaya, maana mchana wake nesi Mwanaidi alikuwa amesimamishwa kazi kwa kosa langu.

Programu ya kukokotoa dozi pale zahanati niliiandika mimi. Ndani yake kila namba ina kisanduku chake, na kabla hujakitumia unatakiwa ukiandikie mwenyewe: anza na sifuri. Kile cha uzito sikukiandikia. Kwenye kompyuta yangu kilionyesha sifuri chenyewe kila nilipojaribu, nikaona ya nini kujichosha. Kumbe kule zahanati, mizani ikishindwa kusoma, kisanduku kinabaki na uzito wa mgonjwa aliyetangulia. Mtoto wa mwaka mmoja akapewa dozi ya kijana wa darasa la tano. Amepona, alhamdulillahi. Lakini mganga mfawidhi alisema Mwanaidi kaingiza vibaya, nami nilikuwa palepale, nikainamia simu yangu kama sisikii.

Basi usingizini namwona Mwalimu Kidawa. Ndiye aliyenifundisha programu chuoni, na tulimzika masika haya. Anaingia darasani, anaanza kufuta ubao ambao ni safi, kama alivyozoea. Enzi zile tulimcheka: "Mwalimu, mbona safi!" Naye hujibu, "Nimeufuta mimi?"

Sasa sicheki. Kitambaa kinatoka kimejaa chaki.

Naona darasa limekuwa zahanati. Akina mama wamejaa kwenye mabenchi na watoto wao. Mizani ya kuning'iniza haina kitu, ila mshale umesimama kwenye thelathini. Mwalimu anampachika mtoto, mshale hautikisiki. Mwanaidi anaandika thelathini.

"Nani alitakiwa kuurudisha kwenye sifuri?" Mwalimu anauliza.

Akina mama wote wakamgeukia Mwanaidi. Nami, jamani, nami nikamgeukia!

"Hata wewe?" Mwalimu akaniuliza.

Hakupandisha sauti. Afadhali angenichapa. Nataka kusema, mdomo umejaa vumbi la chaki, najikohoza tu mbele ya wale akina mama, aibu inanitafuna.

"Kusema huku ndotoni hakusaidii kitu, mwanangu," akasema. "Kaseme ukiwa macho."

Nikashtuka, shuka limelowa jasho. Kulikuwa kumekucha. Hata uso sikunawa. Nilimpigia mganga mfawidhi, nikamwambia wasiiguse programu ile leo, wapige hesabu kwa mkono, na kwamba kosa ni langu. Alinifokea, haki yake. Kisha nikampigia Mwanaidi.

"Dada Mwanaidi, si wewe. Ni mimi. Kisanduku cha uzito nilikiacha bila kukianzishia sifuri. Jana nilijua, nikaogopa. Nimeshamwambia bosi wako."

Nikamsikia analia.

"Kaka," akasema, "mimi nilishaanza kuamini ni mimi."