Fundi Kasereka na breki za gari la harusi

Saa tatu asubuhi, Jumanne. Kasereka anatoka chini ya gari jekundu lisilo na paa, anajifuta mikono kwa kitambaa kilichochoka, anakaa kwenye usukani, anawasha injini, anasogeza gari kidogo na kukanyaga breki. Pedali ni ngumu, kama inavyotakiwa. Anakanyaga tena. Mwenye gari, mzee Kasimiro Adrabo, karani wa tumbaku, anapiga makofi.

"Sasa tuite mama," anasema Kasereka.

Hapa Oli, pembeni mwa mji wa Arua, kila mtu anajua maana ya maneno hayo. Fundi huyu aliyetoka Kongo miaka saba iliyopita hamkabidhi mtu gari alilolitengeneza breki mpaka ampakie mkewe, Martine, ateremke naye mlima na kusimama karibu na mto. Majirani wamempa Martine jina la Inspekta. Akirudi anacheka, mteja anachukua gari lake.

Martine anakuja kutoka kwenye meza yake ya mboga, amekaza kitenge. Anashika mlango. Kasereka anamtazama, anafungua mdomo, kisha anazima injini.

"Rudi kwanza, Mama Camille. Bado."

Mzee Kasimiro macho yalimtoka. Gari hilo la spoti la Kiingereza alilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na Jumamosi binti yake, Candiru, alitakiwa kupelekwa nalo Koboko kuolewa. Ukoo mzima ulishatangaziwa.

"Si imesimama? Mimi naona na macho yangu!" alifoka. "Wewe nataka nini ingine?"

"Muguu yangu ilisema iko muzuri," anasimulia Kasereka. "Lakini nilipoona bibi yangu anashika mulango, mudomo ikakataa kusema ingia. Sasa kama siwezi kuweka yeye, nitaweka mutoto ya mutu namna gani?"

Basi akafungua kila kitu upya, huku mzee akizunguka gari na kunung'unika.

Ugonjwa wa gari hilo ulikuwa wa kawaida siku hizi. Mtu mmoja, kwa kukosa mafuta ya breki, alimimina oili ya injini. Raba ndogo zinazosukuma mafuta ndani ya masta silinda, yaani pampu ya breki, zikavimba na kuharibika. Kasereka alizitupa, akaweka raba za pikapu zilizoonekana kuwa saizi ileile. Alipozitoa Jumanne, aliona ukingo wa moja umeanza kujikunja. Ilikuwa nyembamba kidogo kuliko inavyotakiwa. Ingeshika leo, ingeshika pengine na kesho, kisha ingepinduka kwenye mteremko wowote.

Mwaka huu wa 1975, maduka ya spea ya Arua yamebaki na rafu na vumbi. Harusi ilikuwa mlangoni.

"Mimi iko mugeni hapa," anasema Kasereka. "Nikiua bibi arusi ya watu, nani ataniuliza raba ilitoka wapi? Na hata wakinisamehe, mimi nitalala namna gani?"

Jumatano alipanda lori la tumbaku kwenda Koboko. Alibeba masta silinda yenyewe, akiwa ameifunga ndani ya kitenge cha mkewe kama mtoto mchanga. Raba, anasema, inajaribiwa ndani ya nyumba yake, yaani silinda. Ukienda na kipimo cha kichwani utarudi na takataka.

Alizunguka mpaka miguu ikamuuma. Mwishowe akaelekezwa kwa Severino Pitia, mfanyabiashara kutoka Sudan ya kusini, aliyezoea kununua simsim, yaani ufuta, huko Kuluba karibu na Koboko kwa Landrova kuukuu. Severino alikuwa na raba mpya, bado zimo kwenye karatasi yake. Walizijaribu. Ziliingia kwenye silinda taratibu, zikakaa, na Kasereka nusura amkumbatie mtu asiyemjua.

"Hapana kuuza," Severino akamwahi. "Hiyo ya gari yangu. Giaboksi imekufa, lakini siku moja itaamka."

Kasereka hakubembeleza. Alimweleza tu yaliyompata Jumanne. Severino alisikiliza, akauliza, "Ukiweka hii, nani anapanda kwanza?"

"Bibi yangu."

Severino akamfumbatisha zile raba. "Beba. Gari yangu ikiamka, wewe utakuja kutengeneza breki yake. Na mama atapanda."

Ijumaa asubuhi, Martine hata hajaufikia mlango, mumewe ameshasema ingia. Wakateremka mlima, kuku wakitawanyika. Karibu na mto gari likasimama, na Kasereka akaubana mguu pale kwenye pedali muda mrefu. Haikushuka hata kidogo.

"Jumanne alikuwa anaita mimi na sauti ya kuazima," anatania Martine. "Nilijua. Nilinyamaza tu."

Jumamosi Candiru alifika Koboko salama, shela likipepea, na gari likarudi jioni. Mafundi wengi wangepokea pesa zao Jumanne na kwenda zao. Kasereka alijikaanga mwenyewe mbele ya mteja mkali, bila mtu yeyote kumwona amekosea, na kwa hilo mwandishi wa habari hizi anamvulia kofia.

Kazi ya namna hiyo humpatia shilingi arobaini, na miezi mingine haiji hata moja. Lakini mzee Kasimiro alipoleta malipo, kwa adabu zote safari hii, Kasereka alimwomba kitu kingine: alitaka gari hilo kwa Jumapili moja, na mzee akakubali.

Miaka saba Martine ameteremka mlima ule na magari ya watu. Hajawahi hata mara moja kupelekwa mahali. Ni mpaka mtoni, kisha kurudi kwenye mboga.

"Kesho baada ya misa tunaenda Koboko," anasema Kasereka. "Nilituma habari, Severino anatungoja na chakula. Safari hii sigeuzi."

Martine ameshatoa kitenge chake cha sikukuu. Alipoulizwa kama haogopi safari ndefu hivyo ndani ya gari kuukuu, alicheka mpaka akashika meza.

"Niogope nini? Breki nimejaribu mimi mwenyewe."