Kobe Wangu na Hukumu ya Kamari

Nyumbani kwetu kamari iligunduliwa siku niliyoshinda mimi. Kabla ya siku hiyo ulikuwa mchezo.

Nayasema haya nikiwa mtu mzima, nina kazi yangu mjini Chake na funguo za nyumba yangu, na bado nikikumbuka damu inanichemka. Watu huniambia niachane nayo, mambo ya utotoni hayo. Ni ya utotoni kweli. Kama yangekuwa ya ukubwani, ningekuwa na pa kushitaki.

Ami yetu, ndugu yake baba, aliyekuwa Maskati alituletea vigemu viwili, vile vichezeo vya kioo vya kushika mkononi, kimoja changu na kimoja cha ndugu yangu wa kiume anayenifuata ziwa, pamoja na waya mfupi wa kuviunganisha. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa karata za mazimwi. Maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza chetu wakati ule kilitosha kumwamkia mwalimu tu. Kwa hivyo sheria tulizijua kwa kupigwa.

Kila mchezaji ana roho zake, zimeandikwa kwa tarakimu juu ya kioo. Unashika karata tano, na kila zamu yako unaweka zimwi moja. Ukilisimamisha linapiga, ukililaza linakinga. Anayevamia zimwi lenye kinga kubwa kuliko nguvu zake hukatwa roho yeye mwenyewe. Na zimwi kubwa halishuki bure, lazima kwanza uwatoe mhanga wadogo wawili. Anayeishiwa na roho ameshindwa. Haya hayamshangazi mtu aliyekulia kwenye karata za barazani, ambako saba humla mfalme na hakuna anayeuliza kwa nini.

Iliyobaki ni sheria moja, na ndiyo iliyoniponza. Mchezo ukimalizika, kigemu cha mshindi kinachukua karata moja ya aliyeshindwa. Huchagui wewe wala hachagui mwenzio. Kinachagua chenyewe, na karata ile kwako haipo tena.

Msimu wa karafuu sisi wawili ndio tulioachiwa majamvi ya kuanikia karafuu uani, tufukuze kuku na tuanue mvua ikija. Tulikaa baina ya majamvi, waya katikati yetu, tukicheza. Ndugu yangu alinishinda mpaka nikachoka. Aliniondolea mazimwi yangu mazuri moja baada ya jingine, na kila akipata jipya alilizungusha kwa watoto wa jirani akiwaonyesha. Nilipokwenda kwa baba kulalamika, baba alikuwa akifunga kilemba atoke kwenda kusomesha Kurani chuoni kwake, na hata hakugeuka.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," alinambia.

Nikarudi kwenye majamvi na karata ambazo kigemu hakijazitaka.

Miongoni mwa hizo alikuwemo Kobe. Nguvu za kupiga alikuwa hana kabisa, na ndugu yangu alikuwa akimcheka. Lakini kinga yake ilikuwa ya ajabu. Nilipokwisha kumwelewa nilianza kumlaza kila nikimpata, nikangoja. Ndugu yangu hana subira, hakuwa nayo wakati ule na mpaka leo hana. Akiona zimwi limelala lazima alivamie. Alikuwa akimleta Tai wake wa Moto, karata aliyokuwa akiringia kuliko zote, anampiga nayo Kobe, na kila akimpiga anakatwa roho zake mwenyewe. Nilimpenda Kobe yule kama mtu anavyompenda paka wake. Siku hiyo ndugu yangu alivamia mpaka roho zikamwishia, na kigemu changu kikamchukua Tai.

Alikwenda kwa baba analia. Na kwa kuwa wiki ile ile chuoni walikuwa wamesomeshwa habari za kamari, neno alikuwa nalo mdomoni.

Baba alituita sote wawili, tukasimama kwenye busati lake. Akataka kuelezwa mchezo unavyokwenda. Ndugu yangu akaeleza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaeleza sawasawa.

"Kwa hivyo mwenzio katia chake, weye ukakichukua," baba akanambia. "Sasa hiyo si kamari? Ntoto wa kike, tena mkubwa. Nrejeshee nduguyo."

"Na zile zote alizonichukulia yeye, baba?"

"Yaliyopita si ndwele."

Ndwele nilikuwa nayo mimi, lakini nani aliniuliza? Nikamweleza kwamba kurejesha hakuwezekani, kigemu hakina mlango wa kurejesha. Karata haitoki kwangu ila nishindwe.

"Basi shindwa."

"Nikishindwa kinachagua chenyewe, baba. Kinaweza kunchukua Kobe wangu."

"Weye tia niya njema. Mengine mwachie Mungu."

Nikatia niya. Wallahi niliitia, kwa hasira, lakini niliitia. Tukakaa chini mbele yake, waya katikati, nikaanza kushindwa kwa makusudi. Mwenye kuujua mchezo anajua adhabu hiyo. Nilikuwa nikisimamisha vizimwi vyangu dhaifu kimoja kimoja mbele ya makubwa yake, vinauawa, na mwenzangu anacheka kila kimoja kikifa, anasahau kwamba ananisaidia kutii. Kobe alinijia mkononi mapema. Sikumweka. Niliona aibu kumleta kwenye mchezo wa uongo. Roho zikaniishia, kigemu chake kikalia kile kijiwimbo cha ushindi, na kwenye kioo chake akatokea Kobe.

Nikasimama. Nikamwambia baba kwamba huyu siye, Tai bado yuko kwangu, na Kobe alikuwa wangu tangu mwanzo, hakushindwa na mtu. Nikamwomba tucheze tena.

"Kimetoka kimoja, kimerudi kimoja," baba akasema. "Mko sawa."

Kisha akauchomoa waya, akausokota, akautia kabatini na kufunga, ili nyumba isiingie kamari. Bila ya waya hakuna kushindana, na bila ya kushindana Kobe asingetoka kwa mwenzangu mpaka siku ya kiama. Yaani haramu ilizuiwa pale pale ilipokwisha kunidhulumu. Nikabaki na Tai nisiyemtaka, na ndugu yangu akamlaza Kobe kwenye michezo yake ya peke yake na kigemu, akimsifu.

Idi iliyopita tulikutana nyumbani. Ndugu yangu alikuja kutoka Unguja na watoto wake, na tulipokaa kunywa chai akawahadithia habari za vigemu, akicheka, kwamba baba aliwahi kutupatanisha kwa hukumu moja tu. Kobe hakumtaja. Baba sasa mzee, masikio yake yamepunguza kazi, lakini hiyo aliisikia, akafurahi.

"Huyu dada yenu alikuwa nsikivu," akawaambia wajukuu. "N'lisema mara moja tu, akakubali."

"Sikukubali, baba," nikasema. "Nilitii."

Ndugu yangu akainamia kikombe chake. Baba akanigeukia, kweli hakumbuki.

"Kwani kulikuwa na nini? Mbona hukunambia?"

Nilimwambia siku ile ile. Nilisimama kwenye busati lake, kigemu mkononi, Kobe bado yuko kwenye kioo cha mwenzangu, nikamwambia na alinisikia. Basi nikaisogeza sahani ya mkate wa kumimina, nikamwambia tena, mbele ya wajukuu wake, tangu siku ya kwanza kwenye majamvi, na safari hii sikunyamaza mpaka chai ilipopoa.