Pazia Lililolala Sakafuni

Mara ya kwanza kumtembelea dada yangu katika mji wake mpya, niliingia nyumba ya watu. Nilivua viatu, nikapiga hodi nikiwa nimeshakaa, nikaanza kulalamika kwa sauti kwamba nimetembea jua lote lile bila kukutana na mtu hata mmoja wa kumwuliza njia. Akatokea baba mmoja, taulo kiunoni, povu la sabuni sikioni. Tukatazamana. Nikamwambia "Shikamoo," maana sikuwa na neno jingine, nikabeba viatu vyangu mkononi na kutoka.

Acha nijitetee. Mji ule ulichorwa kwanza kwenye karatasi, ndipo ukajengwa, na aliyeuchora alikuwa na nyumba moja tu kichwani. Mia tatu na ushei, zote paa la kijani, mlango wa kahawia, dirisha kubwa la sebule upande wa kushoto. Dada alikuwa ameniambia, "Ingia Mtaa wa Nane, utaona pazia langu la maua ya buluu." Hakuniambia kwamba pazia hilohilo alikuwa ameshawashonea nusu ya mtaa.

Dada ni fundi cherehani, na anashona mapazia tu. Nguo alishaziacha. Anasema nguo ina mwenyewe, na mwenyewe akinenepa lawama ni za fundi, lakini dirisha halinenepi. Zamani tulikaa jirani, kule ambako mimi nilibaki, na kule kila dirisha lina akili zake. Alikuwa akipanda ngazi nyumba baada ya nyumba, tepu ya kupimia shingoni, magoti yakimlia. Mvua zikizidi, maji yaliingia ndani mpaka kwenye vitanda. Mara mbili tulimwokolea cherehani kwa kuipandisha juu ya meza, cherehani ya marehemu mama yetu, ile iliyotusomesha sote wawili. Mara ya pili mume wake, fundi wa matairi, mtu asiyesema sana, alisema, "Basi. Tunahama."

Na huko walikohamia ndiko dada alikogundua raha ya maisha yake. Madirisha yote ni sawa! Kutoka kwenye fimbo ya pazia, ambayo inakuja na nyumba na imefungwa chini kidogo ya dari, mpaka sakafuni, ni mita mbili na sentimita sitini. Kila nyumba. Akapigilia misumari miwili kwenye ukingo wa meza yake ya kukatia, na tangu siku hiyo hakupanda ngazi tena. Mteja anataja rangi, dada anavuta kitambaa kutoka msumari hadi msumari, anakata. Wakambatiza Mama Pazia.

Mimi mji ule sikuupenda, na nilisema. Kununua njiti ya kiberiti unapanda gari. Hakuna kona ya kusimama, hakuna benchi nje ya mlango, saa tisa mchana unasikia friji ikinguruma nyumba ya pili.

"Huku hata ukifa," nilimwambia, "watajua kwa bili ya maji."

"Na kule kwako," akajibu bila kuinua macho kwenye sindano, "hata ukilala watu wanajua umeota nini."

Nikacheka, lakini sikukubali. Haya, maji ya bomba yalitoka siku zote, mifereji ilifunikwa, watoto waliendesha baiskeli bila mama zao kupiga mayowe, na zahanati ilikuwa mwendo wa dakika tano. Hayo niliyaona, sikuwa kipofu. Lakini kulikuwa na kitabu cha sheria cha kurasa arobaini! Nguo zianikwe nyuma. Ua usipite kiuno. Mlango usipakwe rangi nyingine. Na ukurasa wa kumi na tisa: ni marufuku kufanya biashara yoyote ndani ya nyumba ya makazi.

Ukurasa huo ndio uliomletea dada barua. Aliiandika mwenyekiti wa kamati ya wakazi, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye hata wasiokaa darasani kwake walimwita Mwalimu Mkuu. Ndani ya siku thelathini aondoe cherehani, na kama hataki, afike mbele ya mkutano wa wakazi wote, ambao ungeweza kuitaka kampuni iliyoujenga mji ivunje mkataba wake wa nyumba. Ama cherehani ya mama, ama paa lake. Dada aliisoma mara tatu, akaikunja, akaiweka chini ya pasi. Kisha akalia, na mimi nikalia naye, halafu nikautukana mji mzima kuanzia lango kuu.

Zilikuwa zimebaki siku tisa nesi wa zahanati alipokuja na furushi. Nesi huyu alikaa Awamu ya Tatu, nyumba zilizojengwa mwisho, na hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu.

"Mama Pazia, nilikuagiza pazia au gauni la bibi harusi? Linaburuza!"

Dada alilipima palepale. Mita mbili na hamsini na nane, sentimita mbili za kuachia sakafu, kama mengine yote. "Pazia langu liko sawa," akasema.

"Basi dirisha langu lina wazimu."

Tukaenda wote watatu. Dada akapanda stuli, akashika tepu kwenye fimbo, mimi nikaibana sakafuni kwa kidole gumba. Akasoma. Akashuka, akapumua, akapanda tena. Mita mbili na arobaini.

"Nesi, nyumba hii ina joto?"

"Usiseme. Tunaokwa humu. Wote wa Awamu ya Tatu tumelalamika. Kampuni wanatuambia tupande miti."

Dada akakaa chini sakafuni, akaanza kucheka mpaka nikaogopa. "Dari yenu imeshuka shubiri nzima," akasema. "Hiyo ni kozi moja ya matofali. Mstari mzima, kuzunguka nyumba yote. Mmepunjwa ukuta!"

Njiani kurudi nikampa ushauri wangu, na leo nauonea aibu. Nilimwambia, "Nenda kwa mkubwa wa kampuni, kimyakimya. Mwambie akuachie cherehani yako, na wewe ufunge mdomo wako."

"Na nesi aendelee kuokwa?"

"Dada, fikiri. Ukisema mbele ya mkutano, ushahidi wako ni mapazia. Na mapazia ndiyo kosa lako."

Alipofika nyumbani alipiga pasi pazia la nesi, polepole, pande zote mbili.

Mkutano ulikuwa Jumamosi asubuhi, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Mwalimu Mkuu alisimama na kitabu cha kurasa arobaini, na pembeni yake amekaa mhandisi wa kampuni, kijana nadhifu ambaye kalamu tatu zilimchungulia mfukoni. Ukurasa wa kumi na tisa ukasomwa kwa sauti ya darasani.

"Mama, unakiri kwamba unafanya biashara ndani ya nyumba?"

Dada akasimama. "Nakiri, Mwalimu. Na naomba nimwulize mhandisi swali moja tu. Kutoka fimbo ya pazia mpaka sakafuni, ramani yenu inasemaje?"

Mhandisi akatabasamu. "Mita mbili na sitini. Kila nyumba, awamu zote. Haizidi wala haipungui."

"Ahsante." Dada akalikunjua pazia la nesi likamwagika mbele ya watu. "Hili nimelikata kwa kipimo hicho. Kwa nesi, Awamu ya Tatu, linalala sakafuni shubiri nzima. Naomba kujua: nani mwingine wa Awamu ya Tatu ambaye pazia langu limemlalia sakafuni?"

Watu wakaangalia viatu vyao. Nilielewa, na dada naye alielewa: kunyoosha mkono ni kukiri kwamba ulinunua kwa mhalifu. Mhandisi akaanza kukusanya karatasi zake. Nikasema moyoni, tumekwisha, leo cherehani ya mama inatoka.

Ndipo kwenye mstari wa mbele akasimama mama mmoja mnene, mpole, mkoba mapajani. Alikuwa mke wa Mwalimu Mkuu.

"Mimi," akasema. "Nilidhani fundi amekosea, nikaona haya kumrudishia. Nikakunja pindo kwa mkono, shubiri nzima, madirisha sita."

"Mke wangu!" Mwalimu Mkuu akashika meza. "Mapazia yale si uliniambia umetumiwa na dada yako?"

"Na wewe si ulisema yamependeza?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nikamnong'oneza shemeji yangu, "Kikulacho ki nguoni mwako," na yeye asiyecheka akacheka mpaka akakohoa. Mikono ikaanza kunyooka, mmoja kule nyuma, miwili karibu na mlango, kisha kama watoto wanaojua jibu. Nilihesabu arobaini na moja nikaacha. Kila mmoja alikuwa amekunja pindo nyumbani kwake kimya, akimsitiri fundi, kumbe wanamsitiri mwizi wa matofali.

Mhandisi alijaribu. "Nyumba mpya huwa inakaa chini kidogo, ardhi ina..."

"Zikae zote shubiri moja?" dada akamkata. "Twende tukapime."

Tukaenda, mkutano mzima, mpaka kwa Mwalimu Mkuu, ambaye nyumba yake ndiyo ilikuwa karibu. Alikataa mtu mwingine ashike tepu. Alipanda mwenyewe kiti chake cha kulia chakula, akavaa miwani, akasoma, akafuta miwani, akasoma tena. Aliposhuka alisema kwa sauti ndogo, "Mbili na arobaini."

"Njia ya mwongo ni fupi," nesi akasema toka mlangoni, "na ukuta wake pia."

Nisikuchoshe na mabishano ya miezi iliyofuata. Mkandarasi aliyezijengea kampuni nyumba zile alifukuzwa, kampuni ikatia sahihi kwamba itarekebisha, na mapaa ya Awamu ya Tatu yakafunguliwa moja moja, mafundi wakaongeza mstari wa matofali uliokosekana. Wake kwa waume wakafumua pindo zao. Mapazia yakashuka yakakaa mahali pake, na nesi anasema sasa nyumba inapumua. Ukurasa wa kumi na tisa ulipigiwa kura ukafutwa kwa kazi zote zisizo na kelele wala moshi. Mwalimu Mkuu aliufuta mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, na pembeni akaandika "Vema." Siku hizi mlangoni kwa dada kuna benchi, na ukipita saa tisa mchana huisikii friji ya mtu kwa maneno ya waliokaa hapo. Mji umepata kona yake.

Kisha ikaja barua ya pili kutoka kwa kamati. Hii dada aliibandika ukutani juu ya cherehani ya mama. Inasema kwamba hakuna nyumba yoyote ya Awamu ya Nne itakayokabidhiwa kabla Mama Pazia hajatundika pazia lake la kipimo.

Nyumba ya kwanza kukabidhiwa aliitundikia wiki iliyopita. Mhandisi alikuwepo, na fundi mwashi, mikono nyuma, kofia kifuani, wametulia kama wanasubiri matokeo ya mtihani. Pazia la maua ya buluu likashuka, likayumba, likatulia. Dada akapiga magoti, magoti yaleyale, akapitisha kidole chini ya upindo. Kidole kikapita bila kubanwa, toka mwanzo wa dirisha mpaka mwisho.

"Toeni funguo," akasema.

Mhandisi akanikabidhi mimi. Ndiyo, mimi, usinicheke. Maji yaliingia kwangu mara ya tatu, na maneno yangu yote nimeyameza bila hata maji ya kuyasukumia. Dada akaniangalia, akajifuta jicho kwa ncha ya tepu. Nikaingia, nikavua viatu, na safari hii nikaviacha mlangoni.